Baba Alikuja Kupiga Kura

Jumapili. Wingu limetanda tangu asubuhi na mvua bado haijaamua.

Sikwenda kanisani leo. Nimemwambia jirani yangu kwamba nina mafua, na kweli pua inavuja kidogo, ila mie mwenyewe najua sababu. Sikutaka kumkuta Baba kwenye ibada ya pili. Sikutaka kukaa nyuma yake nikiitazama ile shingo iliyokonda tangu Mama afariki, nikisubiri tufike kwenye kupeana mikono ya amani.

Blogu hii nilikuwa nimeiacha. Mara ya mwisho niliandika kuhusu msiba wa Mama, nikaona nimemaliza maneno. Leo nimerudi kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani tangu Jumatano, siku ya uchaguzi, na kila ninayetaka kumwambia ataishia kuchukua upande. Majina nimeyabadilisha yote isipokuwa la mtaa wetu, Boko. Boko ni kubwa, hamtanipata.

Mie ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka huu niliomba kazi ya uchaguzi kama walimu wengi wanavyofanya, nikapangiwa kuwa msimamizi wa kituo. Kituo chenyewe kilikuwa darasa moja hapa hapa shuleni kwetu, na ndipo Baba naye alipojiandikisha. Nilipoligundua hilo nilikwenda kumweleza afisa aliyekuwa juu yetu kwamba baba yangu anapiga kura palepale, na zaidi ya hapo mdogo wangu Deo amewekwa kuwa wakala wa chama chake ndani ya chumba kilekile. Akaniambia hilo si kosa, watu wa mtaa mmoja hawakosi kuwa ndugu, muda wa kubadilishana vituo umeshapita, nenda kafanye kazi yako.

Nikaenda.

Kwenye semina, somo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa la nani anaruhusiwa kuwemo ndani ya chumba cha kupigia kura. Sisi watendaji tumo. Wakala wa kila chama yumo, ili alinde kura za watu wake. Askari yumo. Mgombea akitaka kuchungulia, anachungulia. Watazamaji wenye vitambulisho wanaingia. Mpiga kura anaingia, anapiga, anatoka, hakai kupiga soga. Baada ya hao amebaki mtu mmoja tu, yule anayemsaidia mpiga kura asiyeona au asiyeweza kuandika. Mpiga kura anamchagua mwenyewe, mtu anayemwamini. Lakini mtu huyo asiwe msimamizi wala karani, asiwe wakala wa chama chochote, na akishamsaidia mmoja siku hiyo, basi, hamsaidii mwingine.

Mkufunzi alitueleza sababu, na ilituingia. Bila sheria hiyo, mjanja mmoja angeweza kushika vikongwe wa mtaa mzima, mmoja baada ya mwingine, akawapigia kura anavyotaka yeye huku akijiita msamaria.

Nilikubaliana nayo. Hata leo nakubaliana nayo, na hapo ndipo penye maumivu.

Baba haoni. Presha ya macho ilimwanzia jicho moja akiwa bado kazini, la pili likafuata alipostaafu, tukiwa tumeshahamia huku Dar kutoka Njombe. Alikuwa mwalimu mkuu, na enzi zake yeye ndiye aliyekuwa akisimamia vituo vya kura kule kwetu. Nakumbuka nikiwa mdogo, siku ya uchaguzi ikikaribia alikuwaga mtu mwingine. Anapiga pasi nguo zake mwenyewe. Hataki wageni nyumbani. Mama alikuwa akimtania kwamba anavaa uso wa serikali. Hadithi moja aliyopenda kutusimulia ilikuwa ya jinsi alivyomtoa nje diwani mmoja aliyeingia na wapambe wake, watu wazima wenye vifua, nao wakatoka kimya kwa sababu hakupandisha sauti.

Kwa hiyo nilipomwambia nimepangiwa kituo, alifurahi kuliko nilivyofurahi mie. Tangu Mama atutoke, kabla ya Pasaka, ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka mpaka meno yakaonekana. Alinikalisha akanifundisha upya yote niliyofundishwa semina. Akasema usimwonee haya mtu yeyote, wala usimtazame mtu sura.

Tangu macho yamwishe, aliyekuwa akimpeleka kupiga kura ni Mama. Wanakwenda wameshikana mikono, wanarudi wameshikana mikono, na ukimuuliza Mama Baba kampigia nani anakuambia, muulize mwenye kura. Kwa hiyo safari hii ilibidi tupange. Mie na Deo hatukuweza kumsaidia, sheria ilishatuweka kando. Dada anayemhudumia nyumbani alikuwa ameomba ruhusa kwenda kupiga kura kwao Mkuranga. Tukakubaliana na wifi yangu Anna, mke wa Deo, kwamba akishapiga kura yake Ukonga atakuja Boko kumchukua Baba. Baba alimkubali. Anna ni mtaratibu, na Baba anampenda.

Nilidhani tumemaliza.

Jumatano tulifungua mapema. Foleni ilikuwa imeshafika getini. Kabla ya mtu wa kwanza kuingia niliwaambia mawakala wote wazi kwamba huyu Deo ni mdogo wangu wa tumbo moja, na baba yetu atakuja kupiga kura hapa, mwenye pingamizi aseme. Hakuna aliyesema. Wakala mmoja, binti anayeitwa Halima, wa chama kinachopingana na cha Deo, alinishukuru kwa kuwaambia. Simu zetu zote tulizizima tukaziweka pembeni.

Asubuhi ileile alikuja jirani yetu Murtaza akimsukuma mama yake kwenye kiti cha magurudumu. Murtaza ana duka la vifaa vya ujenzi barabarani, familia yao ni Wahindi wa hapahapa tangu mababu, na kwa Baba yeye ni zaidi ya jirani. Jioni akifunga duka hupita kumsomea gazeti. Mama yake mikono inamtetemeka, hawezi kushika kalamu. Murtaza akala kiapo cha kutunza siri, akamsaidia, wakatoka. Nilimjaza mimi mwenyewe kwenye fomu ya wasaidizi. Nikakumbuka Baba atakavyokuja na Anna, nikafurahi kidogo moyoni.

Mchana uliingia, Baba haonekani. Nikajipa moyo kwamba Anna amekwama barabarani.

Kumbe mtoto wa Anna alikuwa ameamka na homa kali, anatapika, na Anna alikuwa naye hospitali. Alimpigia Deo, simu imezimwa. Alinipigia mie, imezimwa. Mwishowe akampigia Baba akamwomba radhi. Baba akamwambia amwangalie mtoto, asijali. Kisha akampigia Murtaza.

Haya yote nimeyajua baadaye. Wakati ule niliona tu mlango unatiwa kivuli, nikainua macho, nikamwona Baba amesimama na suti yake ya kaunda ya kijivu, kofia mkononi, na mkono mwingine umeshika kiwiko cha Murtaza.

Nilijua palepale. Kabla hata hawajavuka kizingiti nilijua.

Karani alichukua kadi ya Baba, akalisoma jina kwa sauti, akalitafuta kwenye daftari. Jina lilikuwepo. Kisha akanitazama. Halima naye akanitazama. Deo aliinamisha kichwa, akawa anaikunja pembe ya karatasi iliyokuwa mbele yake.

Nikasema, "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Msimamizi," akaitikia, na nikaona mdomo wake unataka kucheka. Aliijua sauti yangu. Alidhani tunacheza mchezo mzuri, mie na yeye, wa kuheshimu kazi.

Nikamwambia kwamba aliyekuja naye ameshamsaidia mpiga kura mwingine asubuhi, kwa hiyo sheria haimruhusu kumsaidia wa pili. Murtaza akashtuka. Alisema ni kweli, amemsaidia mama yake, hakujua kwamba ni mmoja tu. Alikuwa akizungumza na Baba zaidi kuliko na mie, kama mtu anayeomba msamaha. Huyo ni mtu mwema na sina neno naye.

Baba aliachia kiwiko cha Murtaza. Halafu akasogea meza yangu ilipo, akiifuata sauti, mpaka paja likagusa ukingo wa meza. Akainama.

"Basi nisaidie wewe," akasema polepole.

"Siruhusiwi, Mzee."

"Na Deo?"

"Deo ni wakala."

Aligeuza uso kule alikodhani mawakala wamekaa. Hakupatia. Alikuwa akiutazama ukuta.

Hapo Deo akasimama. Alivua kitambulisho chake cha uwakala shingoni, akakiweka mezani kwangu, akasema kuanzia sasa yeye si wakala tena, anakwenda na baba yake. Sauti yake ilikuwa imekauka. Aliyekuwa anachovya kidole kwenye wino alibaki hivyohivyo.

Halima hakupandisha sauti. Alisema, "Dada, mie sina ubaya na mzee wenu. Lakini kaka ameapa asubuhi mbele yetu, na amekaa humu siku nzima. Akiingia naye pale, itabidi niandike malalamiko."

Alikuwa na haki. Ningekuwa nimekaa kiti chake ningesema vilevile. Malalamiko ya namna hiyo, kituo chenye msimamizi dada mtu, wakala kaka mtu na mpiga kura baba yao, yangeweza kuzua maswali juu ya kura zote zilizokuwemo kwenye masanduku. Watu walikuwa wamesimama juani tangu alfajiri kwa ajili ya kura hizo.

Deo aliniambia, "Dada, huyu ni Baba."

Nikamwambia akae au atoke nje, lakini kumsaidia mpiga kura hawezi.

Alibaki amesimama kitambo. Halafu akakichukua kitambulisho, akakivaa, akakaa, akafunika uso kwa viganja. Halima akamsogezea chupa yake ya maji. Deo hakuigusa.

Kilichobaki nilikifanya kama nilivyofundishwa. Nilimweleza Baba kwamba kipo kifaa cha nukta nundu, kile kinachowekewa karatasi ndani ili asiyeona apige kura mwenyewe kwa kupapasa. Akaomba akishike. Alikipapasa pande zote, kwa utulivu uleule aliokuwa akikagulia madaftari yetu kuona kama tumechana kurasa. Kisha akanirudishia. "Macho yangu yalisoma," akasema. "Hivi vidole havijasoma."

Askari alitoka nje kuuliza kama kuna mtu kwenye foleni angekubali kumsaidia. Mama mmoja wa makamo akajitokeza, mstaarabu, amejifunga kitenge, akasema yuko tayari kuapa. Murtaza naye akasema anaweza kwenda kumleta mwanawe mkubwa, si mbali, asubiriwe tu.

Baba akasema hapana.

Alisema bila hasira. Alimshukuru yule mama kwa adabu zote, akamwambia Murtaza asijisumbue. "Nimetaja watu watatu ninaowaamini na wote wamekataliwa," akasema. "Wa nne simtafuti. Murtaza, nirudishe nyumbani."

Nikamwambia mpaka saa kumi jioni kituo kitakuwa wazi, bado ana nafasi ya kurudi. Alivaa kofia. Aligonga bega kwenye fremu ya mlango wakati wa kutoka, Murtaza akamshika, wakaondoka.

Nikasema, "Mwingine."

Ndivyo nilivyosema. Nikajisikia mwenyewe nikisema.

Mchana wote uliobaki, kila mara mlango ulipotiwa kivuli niliinua macho. Nilijiambia amekwenda kupumzika. Nilijiambia Murtaza atamshawishi na atarudi na kijana wake. Hata ilipofika saa kumi, askari aliposimama nyuma ya mtu wa mwisho kwenye foleni, nilitoka hadi kibarazani nikatazama getini. Walikuwepo wauza maji na mbwa mmoja amelala. Nikarudi ndani. Nikatangaza kituo kimefungwa.

Kuhesabu kulikwenda vizuri. Mawakala wote walisaini, Deo pia. Hakuna aliyelalamika, na Halima alinipa mkono akasema nimefanya kazi safi. Deo alikusanya vitu vyake akaondoka bila kuniaga.

Alhamisi alinitumia ujumbe: "Hongera kwa kazi nzuri." Hakuongeza kitu. Nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, nikitafuta kama kuna upande wa huruma ndani yake. Haupo.

Ijumaa nilikwenda kwa Baba.

Nilimkuta kibarazani, redio iko pembeni imezimwa. Siku zote za uchaguzi redio ya Baba haizimwi, anataka matokeo ya kila jimbo, hata ya mikoa ambayo hajawahi kufika. Dada wa nyumbani alikuwa amesharudi kutoka Mkuranga, akaniletea chai, akaondoka haraka. Nadhani naye alikuwa ameshasikia.

Nilianza kumweleza Baba. Nilikuwa nimejiandaa njiani. Nilimweleza sheria ya wasaidizi yote, sababu zake, hatari ya malalamiko, kiapo cha Deo, kiapo changu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akimsikiliza mwanafunzi aliyekariri vizuri.

"Sheria hiyo niliisimamia kabla hujaanza darasa la kwanza," akasema. "Ulifanya sawasawa. Ila usitake nikusifu."

Nikamwambia, labda uchaguzi ujao tutajipanga mapema zaidi, tutaandaa hata watu wawili. Alicheka kidogo, kile kicheko cha puani.

"Uchaguzi ujao utanikuta wapi, Stella?"

Alisema kama mtu anayeuliza saa.

Tulikaa. Chai ikapoa. Halafu akaanza kunisimulia habari za Mama, jambo ambalo hajalifanya tangu tumzike. Kumbe Mama, kila walipoingia nyuma ya kile kituturi cha kupigia kura, alikuwa anamsomea majina yote ya wagombea, mmojammoja, hata ya wale aliojua Baba hawezi kuwachagua. Anamsomea na vyama vyao. Baba anamwambia ampigie nani, na Mama anamuuliza, una uhakika, Mwalimu? Anamuuliza kila mara, kwenye kila karatasi. Na Baba alikuwa anakereka, anamwambia harakisha, watu wanangoja.

"Jumatano ndiyo nimejua kweli kwamba hayupo," akasema.

Sikulia. Nilitaka, lakini niliona kama nitakuwa ninamnyang'anya huzuni yake.

Baadaye, nilipokuwa nimeshasimama kuondoka, akasema lile ambalo limenifanya nifungue kompyuta leo.

"Nilisimama pale kama mtu asiye na watoto. Na wote wawili mlikuwemo."

Nimelala na maneno hayo siku mbili sasa.

Nimejaribu kujitetea. Kura ni ya Baba lakini kituo si cha Baba. Ningemruhusu yeye, ningemkatalia vipi mwingine? Na nimejaribu kumlaumu. Yule mama wa kitenge alikuwa tayari. Kijana wa Murtaza alikuwa karibu. Yeye ndiye aliyekataa. Hoja hizo zote ni za kweli, nimezipanga na kuzipangua, lakini hakuna hata moja inayofika pale panapouma.

Leo asubuhi, wakati wengine wako kanisani, nimepafikia.

Tangu Jumatano nimekuwa nikisema sheria ilinizuia. Lakini sheria ilinizuia jambo moja tu, kumsaidia kuweka alama kwenye karatasi. Sheria haikunizuia kuinuka kwenye kiti. Haikunizuia kuzunguka meza na kumshika mkono. Haikukataza kumtafutia kiti, kumpa maji, kumwacha Murtaza aende akamlete mwanawe huku Baba akipumzika kwenye kivuli cha baraza. Siku ileile asubuhi alikuja mzee mwingine asiyeona, ameletwa na mjukuu wake msichana. Nilisimama. Nilimshika mkono mpaka kwenye kituturi, nikawaacha hapo wao wawili, alipomaliza nikamsindikiza mpaka ngazini, nikamwambia angalia hapo pamevunjika.

Kwa baba yangu sikusimama.

Niliwaona wale mawakala wananitazama, nikaogopa. Nilitaka waone kwamba mie si mtu wa kupendelea, kwa hiyo nikamfanyia ukali ambao nisingemfanyia mtu baki. Nilinyoosha mgongo. Nilimwita Mzee, na mara ya kwanza lilikuwa neno la heshima, yeye mwenyewe alilipokea hivyo. Mara ya pili lilikuwa ukuta. Aligonga bega mlangoni mwangu, na mie, mtoto wake wa kwanza, nilikuwa naita mwingine.

Hilo hakuna semina iliyonifundisha.

Sijui kama Baba analijua. Nadhani analijua kuliko mie. Aliposema alisimama kama mtu asiye na watoto, nilimsikia akilalamikia kura, nikaanza kufikiria sheria. Hakuwa akizungumzia kura.

Mchana huu Anna amenitumia ujumbe. Mtoto amepata nafuu, homa imeshuka, anakula uji. Wamekwenda ibada ya pili na Deo, wamekaa na Baba. Chini kabisa ameandika: "Wifi, Baba ameuliza mbona hujaja." Nimekaa na simu mkononi nikijiuliza kama ameuliza kwa kunihitaji au kwa kuhesabu tu waliopo, maana Baba ni mwalimu, anauliza mahudhurio. Sijamjibu Anna mpaka sasa.

Watu hapa mtaani wananipongeza. Leo mwenye genge la mboga amenipa nyanya za ziada akasema kituo chetu kimekwenda kwa haki. Nimesema asante. Ni kweli, kimekwenda kwa haki. Sina hakika kama mtu anaweza kutenda haki na bado akawa amekosa, lakini ndivyo ninavyojisikia, na leo sitaki kujilazimisha kujisikia vingine.

Deo nitamtafuta, ila si kwanza. Kwanza Baba.

Kesho nikitoka shule nitapita kwake. Safari hii sibebi maelezo yoyote. Sitaitaja sheria, wala Halima, wala kiapo. Kule kibarazani hanioni ninapofika, huwa anasubiri sauti ndipo ajue ni nani. Nitakwenda mpaka pale alipokaa, nitapiga magoti, nitaushika mkono wake kabla sijasema kitu. Halafu nitasema, shikamoo, Baba.

Nitangoja aitikie. Akichelewa, nitangoja.